Kunyonga kwa Kudhani Hatukubali

Wananchi wa Rusimbi, tumewasikia. Mwasema barazani na sokoni kuwa mahakama zimekuwa mlango wa wauaji kutokea. Maiti ipo, mtu amekamatwa, mtaa mzima wamjua, basi jaji angoja nini? Na wengine wenu, tena wenye kadi za chama, wameanza kudai ati mshitakiwa ndiye atakiwe kuthibitisha kuwa hakuua. Sisi twasema hapana.

Mwaitaja sana kesi ya Zombe. Vema, tuitazame hiyo hiyo. Januari 2006 wafanyabiashara watatu wa madini kutoka Mahenge, pamoja na dereva wa teksi, waliuawa Dar es Salaam baada ya kukamatwa na polisi. Polisi wakatangaza kwamba ni majambazi waliokufa katika kurushiana risasi. Tume ya Jaji Kipenka ikaufichua uongo huo, na maofisa wakafikishwa kortini. Agosti 2009 Jaji Salum Massati akawaachia wote 9, Abdallah Zombe miongoni mwao. Nchi nzima ikapiga kelele! Lakini jaji hakusema kwamba watu wale hawakuuawa. Alisema wauaji wenyewe hawakuwa mbele yake. Serikali ikakata rufani, na Septemba 2016 Mahakama ya Rufani ikamtia hatiani mmoja, Christopher Bageni, ikamhukumu kunyongwa. Zombe akabaki huru.

Mwasema hiyo ni aibu ya mahakama. Sisi twauliza: nani alipeleleza? Nani aliandika jalada? Tena kuna jambo moja mnalolisahau. Wale marehemu wanne waliitwa majambazi, wakahukumiwa na kuuawa siku moja, bila shahidi na bila jaji. Hakuna aliyesumbuka kuthibitisha lolote juu yao. Njia mnayoitaka nyinyi ndiyo hiyo waliyopitishwa.

Wala tusijidanganye kwamba ukatili ulikuwa wa mkoloni peke yake. Ni kweli, Waingereza waliojisifu kwa hukumu yao ya London ya 1935, kwamba ni juu ya serikali kuthibitisha kosa, ndio walionyonga Waafrika zaidi ya 1,000 nchini Kenya wakati wa Mau Mau. Lakini mwaka 1976 serikali yetu wenyewe, ikitaka kukomesha mauaji ya Mwanza na Shinyanga, iliwakamata watu kwa kuwashuku, wakateswa, na baadhi wakafia mikononi mwa waliowashika. Ndugu Ali Hassan Mwinyi, aliyekuwa Waziri wa Mambo ya Ndani, akajiuzulu mwaka 1977. Watesaji wale nao walikuwa na hakika kama mlivyo na hakika nyinyi.

Sheria ya Ushahidi ya 1967 ni yetu, haikuletwa kwa meli. Yasema Jamhuri ithibitishe kosa bila kuacha shaka ya maana. Hapa makarani wa korti wametuponza kidogo kwa kutafsiri “pasipo shaka yoyote”, watu wakadhani jaji ataka hakika ya Mwenyezi Mungu. Sivyo. Shaka ya kubuni haimwokoi mtu. Inayomwokoa ni ile ambayo mtu mwenye akili timamu, akiutazama ushahidi, hawezi kuiondoa. Na katika kesi ya kuua haitoshi kuonyesha kuwa mtu amekufa. Lazima aonyeshwe aliyemuua, na kwamba alikusudia ubaya.

Nyinyi wavuvi wa dagaa mwalijua hili kuliko wakili. Usiku wa giza, taa i mbele yako, aliye katika mtumbwi wa pili ni kivuli tu. Wamwita Juma, aitika Hamisi. Basi mwaka 1980 Mahakama ya Rufani ilikataza mtu kutiwa hatiani kwa kuonwa kwa macho mpaka kila uwezekano wa kukosea umeondolewa: mwanga ulikuwaje, umbali gani, alitazamwa kwa muda gani, alijulikana kabla? Je, mwapenda mwana wenu ahukumiwe bila maswali hayo? Maana atakayepatikana na hatia ya kuua, sheria humwamuru jaji atoe adhabu moja tu, kifo, na Mahakama ya Afrika iliyoko Arusha ililaumu amri hiyo mwaka 2019.

Hasira yenu ni ya haki, ila mwaipeleka nyumba isiyo yake. Ipelekeni kwa mpelelezi anayefika penye maiti baada ya mtaa mzima kukanyaga damu. Ipelekeni kwa wale wanaoahirisha kesi kwa wimbo wa “upelelezi haujakamilika”, hali mshitakiwa hana dhamana na mjane hana jibu. Na mbakize kidogo ya kwenu wenyewe. Wale wanaosema barazani “twamjua”, walipoitwa kutoa ushahidi walikuwa wapi? Mmoja alikuwa safarini, wa pili mgonjwa, wa tatu hakuona kitu. Jaji hawezi kuandika minong'ono. Tarehe ya kesi ikitangazwa tena, twataka tuwaone wote watatu kizimbani mwa mashahidi.