Hesabu ya Kaboni Yataka Umri wa Mtu

Anayepita Darajani leo, mjini Unguja, hakuti daraja. Hukuta soko lililofunguliwa mwaka 1904, lenye matenga ya samaki, vichane vya ndizi, viungo na magunia ya makaa. Mkono wa bahari uliotenga Mji Mkongwe na Ng'ambo ulifukiwa kidogo kidogo hata katikati ya karne ya 20, na jina peke yake ndilo lililosalia kushuhudia kwamba hapo palikuwa na maji. Nchi na bahari hubadilika kwa mwendo ambao mtazamaji wa siku moja hauoni. Huujua yule tu aliyepima jana, akapima leo, na ambaye ataachiwa nafasi ya kupima kesho.

Ndivyo ilivyo elimu ya mzunguko wa kaboni, yaani safari ya kaboni kutoka hewani kuingia katika miti, udongo, bahari na mawe, kisha kurudi hewani. Elimu hii haihitaji mifano ya ugenini. Gunia la makaa ni kaboni ambayo mti uliivuta kutoka hewani kwa miaka mingi, nayo hurudi huko kwa mapishi ya siku chache. Kuta za Mji Mkongwe ni za mawe ya matumbawe, ambayo ni kaboni iliyogandishwa na viumbe wa baharini. Mawe hayo yakichomwa tanuuni hutoa hewa ya ukaa. Chokaa itokayo humo, ikishapakwa ukutani, huivuta tena hewa hiyo polepole na kurejea kuwa jiwe. Juu ya kuta zimelazwa boriti za mikoko. Nyumba nzima ni daftari: kuna kilichoingia na kuna kilichotoka. Lakini hakuna mfanyabiashara wa Darajani ajuaye faida yake kwa kutazama mauzo ya asubuhi moja.

Mmarekani Charles David Keeling alianza kupima hewa ya ukaa katika mlima wa Mauna Loa, Hawaii, mwaka 1958. Vipimo vyake vya mwanzo vilionyesha sehemu zipatazo 315 katika kila sehemu milioni za hewa. Mwaka 1964 kazi hiyo ilikatika kwa miezi kadhaa kwa upungufu wa fedha. Yeye aliendelea hata alipofariki mwaka 2005, na leo kipimo kimepita 420. Laiti angehamishwa kazi baada ya miaka mitatu, ulimwengu ungekosa ushahidi ulio wazi kupita wote kwamba hewa inabadilika.

Pwani ya Afrika Mashariki inao mfano wake. Katika miaka ya 1970 mikoko ya Ghuba ya Gazi, kusini mwa Mombasa, ilikatwa kwa wingi kuwa kuni za viwanda, na sehemu nyingine zikabaki tope tupu. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 James Kairo, mtafiti wa Taasisi ya Utafiti wa Bahari na Uvuvi ya Kenya, alishiriki kupanda upya mikoko hiyo pamoja na wanavijiji. Baadaye alipata shahada ya udaktari katika chuo kikuu cha Vrije Universiteit Brussel, Ubelgiji. Aliporudi hakutafuta somo jipya, bali alirejea kwenye tope lile lile. Miti iliyopandwa ilipofikia umri wa miaka 12 ilipimwa, ikaonekana kwamba kila hekta imejenga zaidi ya tani 100 za miti iliyo juu ya ardhi.

Hazina kubwa zaidi, hata hivyo, imo chini. Tope la mikoko halina oksijeni ya kutosha, kwa hiyo majani na mizizi huoza polepole mno na kaboni yake hukaa humo kwa karne nyingi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2011 kuhusu mikoko ya maeneo ya Hindi na Pasifiki ulikadiria wastani wa tani zipatazo 1,000 za kaboni kwa hekta, nyingi zikiwa udongoni. Anayekata mkoko na kuacha tope likauke na kuchimbika hafungui ghala la mti mmoja tu, bali la mababu zake wote.

Kutokana na vipimo hivyo ulizaliwa mradi wa Mikoko Pamoja, ambao tangu mwaka 2013 huuza hati za kaboni kutoka katika hekta 117, kwa kadiri ya tani 3,000 za hewa ya ukaa kwa mwaka. Mapato yamesaidia maji na shule katika vijiji vya Gazi na Makongeni.

Wapo wasemao kwamba biashara hiyo huwapa wachafuzi wa mbali ruhusa ya kuendelea kuchafua. Hoja hiyo ina uzito, na haifai kupuuzwa. Lakini hata mwenye kuipinga biashara hahitaji vipimo vichache, bali vingi zaidi. Asiyejua kilichomo ghalani mwake hawezi kukiuza kwa haki wala kukataa kukiuza kwa hoja. Wengine husema kwamba nchi maskini yapasa kusomesha waganga na walimu kwanza. Nao wasahau kwamba mkoko ndio mazalio ya samaki auzwaye Darajani, na kinga ya ufuko dhidi ya mawimbi.

Unguja haianzi mikono mitupu. Taasisi ya Sayansi za Bahari ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ilianzishwa hapa mwaka 1978, na Ghuba ya Chwaka, pamoja na mikoko na nyasi zake za baharini, imechunguzwa na watafiti wengi. Linalotakiwa ni kudumu. Mradi wa miaka mitatu hauwezi kujibu swali la miaka thelathini. Yafaa basi kila ghuba iwe na vituo vichache vya kudumu, vyenye fungu katika bajeti ya taifa na si katika hisani ya mfadhili pekee; madaftari ya vipimo yahifadhiwe nchini; na mhadhiri aliyerudia kipimo kimoja kwa uaminifu miaka ishirini asihesabiwe kuwa nyuma ya mwenzake aliyerukia mada kumi.

Maji ya Darajani yaliondoka, jina likabaki. Mikoko ya Chwaka ikiondoka bila kupimwa, hata wajukuu wakilihifadhi jina, hawatajua ni kiasi gani walichopoteza.