Msaada kwa Wachimbaji Uanzie Kwenye Karai

Nina duka la vifaa vya ujenzi hapa Shirere, Kakamega, lakini wateja wangu wengi hawajengi chochote. Wanaume huchukua kamba, sululu na tochi. Akina mama huchukua nyundo na karai. Glavu za mpira nilizotundika mlangoni zimepauka bila mnunuzi. "Mzee, nikivaa hizo nitaisikiaje dhahabu?" mama mmoja aliniuliza.

Swali lake lina maana. Mwamba ukishatolewa shimoni, husagwa ukawa unga, ukaoshwa, kisha zebaki ikatiwa karaini. Mama huikanda kwa viganja vitupu mpaka inase chembe za dhahabu na kuwa donge jeupe. Donge hilo huchomwa kwa makaa, zebaki ikapaa, dhahabu ikabaki. Mvuke wa zebaki hudhuru mapafu na neva, na humfikia hata mtoto aliye tumboni. Nimeshuhudia donge likichomwa kwenye jiko ambalo jioni lilipikiwa ugali.

Dhahabu ya Kakamega si habari mpya. Mbio za kuisaka zilianza 1931, na mwaka uliofuata serikali ya kikoloni ikageuza sheria ya ardhi ili wenyeji waondolewe kwa urahisi. Mgodi wa Rosterman ulifungwa 1952. Kampuni iliyouendesha ilikwenda zake, wenyeji wakabaki wakichimba masalio.

Sheria ya Madini ya 2016 ilimtambua mchimbaji mdogo na kutenga asilimia 10 ya mrabaha kwa jamii inayokaa penye madini. Jambo jema. Ila kila mkutano wa vibali huzungumzia shimo: ni la nani, lina kina gani, nani asimamie. Anayeponda na kuosha hana shimo, hivyo jina lake haliandikwi popote, na hulipwa wengine wakishagawana.

Wapo wanaotaka mashimo yafungwe. Yakifungwa mchana yatachimbwa usiku, na zebaki itachomewa ndani ya nyumba, milango imefungwa. Kenya imeridhia Mkataba wa Minamata, uliopewa jina la mji wa Japani ambako zebaki iliyomwagwa baharini iliua na kulemaza watu. Ahadi hiyo ya kupunguza zebaki haiwezi kutimizwa kwa kufukuza watu.

Kipo chombo cha chuma chenye kifuniko na bomba, kinachonasa mvuke na kuurudisha kuwa zebaki. Mama hapumui sumu, na zebaki aliyoinunua anaitumia tena. Hata asiyejali afya ataelewa hesabu hiyo. Kaunti ianze na chombo hicho kila penye kuoshea, huku ikiwafundisha watu njia za kuacha zebaki kabisa. Na waoshaji wapewe viti katika kamati ya wachimbaji wadogo.

Mtasema mwenye duka anatafuta soko. Basi vyombo hivyo vinunuliwe kwingine, mradi vifike.