Haki Isingojewe Musoma

Wapo wanaosema kwamba mlango wa chama cha kutetea watu wenye ulemavu u wazi, mwenye shida na aje. Hiyo ni lugha ya bwana shauri wa kikoloni, aliyengoja raia wamfuate bomani. Aje vipi? Asiyeona hubandikiwa tangazo ukutani. Kiziwi hupewa namba ya simu apige! Na mama wa Butiama au Bunda, mwenye mtoto asiyetembea, huambiwa ambebe hadi Musoma, kwa nauli yake mwenyewe.

Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya mwaka 2010 haikuishia mkoani. Iliagiza ziwepo kamati mpaka kijijini na mtaani. Basi SHIVYAWATA na vyama vyake, CHAVITA kikiwamo, wapewe meza katika ofisi za kata siku za mnada, na mkalimani wa lugha ya alama awepo. Fedha za semina za hotelini hupatikana. Za meza moja zikosekane?

Ndugu Mtendaji, nawe Ndugu Mwalimu Mkuu: wajumbe wa kamati hiyo kijijini kwako ni akina nani? Ikiwa ninyi hamwajui, mzazi aliyemficha mwanawe ndani atawajuaje?