Wapime Kwanza, Wakariri Baadaye

Miaka kadhaa imepita tangu nilipoondoka katika shule hii, na sasa mimi ni mwalimu wa watoto wadogo wa darasa la kwanza na la pili. Nimeomba nafasi katika kurasa hizi za Kiswahili ili niseme maneno machache juu ya jambo ambalo wengi hulidharau, nalo ni kuwafundisha watoto kupima. Huenda wengine watacheka na kusema kwamba rula na mizani si mambo ya kuandikia gazeti. Nawaomba wanisikilize kwanza.

Nitaanza kwa kukiri kosa langu mwenyewe. Nilipokuwa kidato cha pili nilirudi nyumbani likizo nikamkuta mdogo wangu, mtoto wa miaka minne, anasumbuliwa na kikohozi. Mama alikuwa anakwenda shambani, akaniachia chupa ya dawa na kuniagiza nimnyweshe mtoto kama ilivyoandikwa. Kwenye chupa paliandikwa mililita 5. Basi mimi nilikuwa hodari wa hesabu. Mtu angaliniuliza lita 3 ni mililita ngapi, ningalimjibu 3,000 kabla hajafunga mdomo. Lakini mililita 5 zenyewe, zile za kumiminika, sikupata kuziona hata siku moja. Nikachukua kijiko kilichokuwa karibu, kile kikubwa cha kulia wali, nikakijaza, nikampa. Saa kumi nikampa tena.

Mama aliporudi jioni alimkuta mtoto amelala usingizi mzito. Akamwita, akamtikisa, wala hakuitika. Tukambeba mbio mpaka zahanati. Muuguzi aliyetupokea aliniuliza nilitumia kijiko gani. Alipokwisha kumhudumia mtoto alileta vijiko viwili na maji, akapima mbele yangu. "Mwanangu," akasema, "hiki cha chai ni mililita 5 hivi. Hiki kikubwa ni 15. Mdogo wako umempa mara tatu ya kipimo chake." Akaongeza kwamba hata vijiko vya chai havilingani, ndiyo maana ni afadhali kutumia kikombe kidogo chenye alama kinachokuja pamoja na dawa.

Mtoto alizinduka usiku ule, namshukuru Mungu, na leo ni kijana aliyenipita kwa urefu. Lakini mimi usiku ule sikulala. Nilijiuliza, alama zangu zote za hesabu zilinisaidia nini? Walimu wangu hawakuwa wavivu. Walitufundisha kama wao walivyofundishwa: milimita 10 ni sentimita 1, sentimita 100 ni mita 1, nasi tukaimba mpaka madirisha yakatetemeka. Tulijua majina ya vipimo vyote, wala hatukujua kupima.

Kwa hiyo maoni yangu ni haya: mtoto asikaririshwe majina ya vipimo kabla mikono yake haijapima kitu.

Nieleze tunavyofanya darasani kwangu. Kwanza hatushiki rula kabisa. Tunalinganisha tu. Fimbo ipi ndefu, jiwe lipi zito, chupa ipi inaingia maji mengi? Hapa mwalimu huona maajabu. Chukua maji ya chupa ya nusu lita, uyamimine katika bilauri nyembamba. Kisha chukua mengine kiasi kile kile, uyamimine katika bakuli pana, watoto wakiona. Waulize wapi kuna maji mengi. Wengi watakuonyesha bilauri, kwa kuwa maji yamepanda juu. Jean Piaget, mtaalamu wa Uswisi aliyezaliwa 1896 na kufa 1980, alionyesha zamani kwamba watoto wengi hufikiri hivyo mpaka umri wa miaka saba hivi. Mtoto huyo si mjinga, macho yake yanamdanganya. Dawa yake ni kumwachia ayamimine yale maji mwenyewe, huku na huku, mara nyingi.

Na msidhani kwamba macho huacha kudanganya mtu akikua. Sokoni maharage huuzwa kwa kopo, na yako makopo ambayo kitako chake kimebonyezwa kikaingia ndani. Kwa nje kopo ni lile lile, lakini maharage yamepungua. Aliyezoea kumimina na kulinganisha tangu utoto hulipindua kopo akalitazama chini. Aliyekariri tu hulipa na kwenda zake.

Baada ya kulinganisha tunapima kwa mwili. Wazee wa pwani walikuwa na hesabu yao nzuri: shubiri mbili ni mkono mmoja, mikono miwili ni wari, wari mbili ni pima. Siku moja niliwaambia watoto wapime benchi kwa shubiri. Mmoja akapata 10, mwingine 11, na mmoja ambaye hakunyoosha vidole sawasawa akapata 13. Mimi nikapata 7. Darasa likachafuka. Kila mmoja alimwona mwenzake mwongo. Mtoto mmoja wa kike akasimama akasema, "Basi tutumie mkono wa Mwalimu." Wote wakakubali. Lakini mwenzake akauliza, "Na Mwalimu akiwa hayupo?" Wakanyamaza kidogo, kisha wakashauriana tukate kijiti chenye urefu wa shubiri yangu, kikae darasani. Kijiti hicho kipo hata leo.

Wapenzi wasomaji, ugomvi wa benchi lile ndio uliozaa mita. Nchini Ufaransa kabla ya mapinduzi ya 1789 karibu kila mji ulikuwa na vipimo vyake, na mnyonge ndiye aliyeumia. Wataalamu wakataka kipimo ambacho si mkono wa mfalme yeyote. Wakaamua kwamba mita iwe sehemu moja katika milioni kumi ya umbali wa kutoka Ncha ya Kaskazini mpaka Ikweta. Tangu 1792 mpaka 1798 mabwana wawili, Delambre na Méchain, walipima nchi kutoka Dunkerque mpaka Barcelona ili wapate hesabu hiyo. Mwaka 1875 mataifa 17 yalitia sahihi mkataba wa mita mjini Paris, na tangu 1983 mita hupimwa kwa mwendo wa nuru. Mstari huo wa Ikweta unapita katika nchi yetu ya Uganda. Kila anayesafiri kutoka Kampala kwenda Masaka huuvuka pale Kayabwe. Basi mita si kitu cha kigeni kabisa, maana mwisho mmoja wa kipimo chake uko kwetu. Mtoto aliyegombana juu ya benchi huielewa habari hii mara moja. Asiyegombana huiona ni neno jingine tu la kukariri.

Ndipo tunaposhika rula, na hapo pia kuna mtego. Watoto wengi huanza kupima kwenye 1 badala ya 0, kwa sababu wanahesabu namba na kusahau zile nafasi zilizo kati yake. Mimi huwapa rula iliyovunjika, inayoanzia 3. Wanaweka penseli, mwisho wake unaangukia 11, nao wanapiga kelele, "Kumi na moja!" Nawaambia wahesabu nafasi kwa kidole. Wanapata 8. Tangu siku hiyo hawaisahau sifuri. Tena nawataka wakisie kabla ya kupima, waandike makisio yao, ndipo wapime. Anayekisia hujenga kipimo kichwani, naye hushtuka jibu likiwa la ajabu. Mimi ningalikuwa na mililita 5 kichwani mwangu, kile kijiko kikubwa kingalinishtua.

Wako watakaosema kwamba kosa langu lilikuwa la kitoto. Sivyo. Mwaka 1983 ndege moja kubwa ya Kanada iliishiwa mafuta ikiwa angani, kwa kuwa waliokokotoa mafuta walitumia ratili mahali pa kilo, ikaondoka bila hata nusu ya mafuta iliyoyahitaji. Rubani aliishusha salama pale Gimli kwa ustadi mkubwa, na hakuna aliyekufa. Wale walikuwa watu wazima wenye elimu. Namba bila kujua ni ya kipimo gani ni kama jina bila mtu.

Najua walimu wenzangu watanijibu kwamba darasa lina watoto themanini wala hakuna vifaa. Nami ninao wengi vile vile, kwa hiyo siwalaumu. Lakini tazameni vitu vinavyotupwa. Chupa mbili za maji za nusu lita ni lita moja. Arobaini hujaza jerikani ya lita 20. Funga kamba katikati ya fimbo, itundike, weka kopo kila upande, na mizani imepatikana. Weka paketi ya sukari ya kilo moja upande huu, na zile chupa mbili zilizojaa maji upande ule. Fimbo itakaa karibu sawa, na watoto watajionea kwamba lita ya maji ni kilo moja. Kamba ya mgomba ikikatwa vizuri ni mita. Hayo yote hayagharimu kitu ila kelele na maji kumwagika sakafuni. Mwalimu mkuu mmoja aliwahi kuniuliza kwa nini darasa langu lina fujo. Nilimwambia kwamba wanapima. Hakuridhika, lakini hakutuzuia.

Wengine husema kwamba mtihani hauulizi mambo ya chupa na kamba. Ni kweli kwamba mtihani huuliza kwa karatasi. Lakini mtoto aliyejaza jerikani kwa mikono yake hashindwi na swali la lita. Anayeshindwa ni yule ambaye lita kwake ni herufi tu.

Sasa nawageukia ninyi mnaosoma. Ninyi wanafunzi mtakwenda likizo. Nyumbani mnao wadogo zenu. Msiwakaririshe majedwali ili mwonekane mmesoma. Waachieni wapime unga, maji, urefu wa mlango na uzito wa ndizi, na waulizeni kwanza, "Unakisia ngapi?" Mkitumwa kumpa mgonjwa dawa, someni namba, na msome pia ni namba ya nini, kisha mpime kwa chombo chenye alama. Nanyi wakubwa wetu, ambao wengine ni mafundi, wauguzi, wafanyabiashara na wakulima, nendeni siku moja katika shule ya msingi iliyo karibu nanyi mkiwa na futi kamba au mizani yenu, mkae na watoto saa moja. Zawadi hiyo itadumu kuliko rangi mpya ya ukuta.

Wahenga walisema, udongo upate uli maji. Mkono wa mtoto ungali mwepesi, na macho yake yangali tayari kusahihishwa. Tukingoja mpaka akomae tutamfundisha majina tu, na siku moja ataachiwa chupa ya dawa na mtoto mgonjwa, kama mimi nilivyoachiwa.

Hayo ndiyo maoni yangu. Mwenye mengine na ayaandike katika toleo lijalo, nami nitayasoma kwa furaha.

Mwanafunzi wa Zamani