Mashine Moja si Chapa Nzima



Wahenga walinena: aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Nasi tuliumwa. Kompyuta ya kundi letu ilizimika usiku mmoja isiwake tena, na hesabu za michango ya miaka miwili zikapotea. Kwa uchungu tulitangaza mbele ya wote kwamba chapa ile haifai kabisa. Kundi jirani lilikuwa karibu kununua kompyuta ya chapa hiyo kwa bei nafuu. Likatusikiliza, likaiacha, likalipa fedha nyingi zaidi kwingine. Baadaye fundi alipoifungua ya kwetu, alikuta sehemu inayopokea umeme imeungua. Umeme wetu hupanda na kushuka, nasi hatukuwa na kifaa cha kuulinda mtambo. Tulimlaumu mtengenezaji kwa uzembe wetu.

Je, watengenezaji hawakosei? Hukosea. Mwaka 2000 kampuni ya IBM ilitoa diski ziitwazo Deskstar 75GXP. Nyingi ziliharibika, na mwaka uliofuata wateja wa Marekani wakaishtaki mahakamani. Malalamiko yao yalikuwa ya haki. Lakini kazi hiyo ya diski ikauzwa kwa Hitachi, na jina la Deskstar likaendelea. Mwaka 2014 Backblaze, kampuni ya Marekani inayohifadhi data za watu, ilitangaza hesabu ya maelfu ya diski ilizozitumia yenyewe: za Hitachi, zikiwemo zenye jina la Deskstar, ndizo zilizoharibika kwa uchache zaidi. Aliyeapa mwaka 2001 kutogusa tena Deskstar alikuwa na sababu. Aliyeendelea kuwaonya wengine mwaka 2014 bila kuchunguza upya aliwapotosha.

Basi tufanyeje? Kwanza, tutafute chanzo cha hasara kabla ya kumtaja mkosaji. Pili, tutaje aina na mwaka wa mashine, si chapa peke yake. Tatu, tuwaulize mafundi waliofungua mashine nyingi, kwani sisi tumeiona moja tu. Tukiulizwa, tuseme: "Yetu iliharibika, na sababu ni hii." Tusiseme: "Zote ni mbovu."

Sisi tumekwenda kwa kundi jirani kuomba radhi. Na hesabu zetu sasa tunazihifadhi mahali pawili, kwa maana hakuna chapa isiyokufa.