Tribinali ya Sumner

Mwezi huu twende mbali kidogo, ku Mississippi, kusini mwa Marekani. Kule kuko muji mudogo, jina lake Sumner. Katikati ya muji inasimama tribinali ya Tallahatchie (tuseme ni sawa teritware kwetu), nyumba ya matofali yenye munara, umri wake zaidi ya miaka 100.

Mwezi wa 9 mwaka 1955, katika chumba cha juu, wazungu wawili, Roy Bryant na J. W. Milam, walisimamishwa juu ya kifo cha Emmett Till, mutoto mweusi wa miaka 14. Alitoka Chicago kutembelea jamaa. Walimutoa kitandani usiku, wakamuua, wakamutupa mutoni na chuma kizito kimefungwa shingoni.

Muzee Mose Wright, mulimaji wa pamba, mwenye nyumba ile, akaitwa. Aliulizwa nani walikuja kwake usiku ule. Muzee akasimama, akanyosha kidole, akaonyesha wale wawili. Muangalie: mutu mweusi, wakati ule, mahali pale, kushitaki muzungu uso kwa uso! Hata mutu wa leo mwenye avoka watatu angetetemeka. Kisha mama Mamie naye akaeleza namna alivyotambua maiti ya mwana wake.

Watu 12 wa kukata neno, wote wanaume wazungu, walikaa dakika 67 tu. Wakasema: hawana kosa. Muzee Mose akakimbilia Chicago, akaacha pamba shambani. Mwezi wa 1 mwaka 1956 wale wawili wakakiri katika gazeti, tena wakalipwa feza! Sheria yao inakataza kuhukumu mutu mara mbili juu ya kosa lile lile, basi wakabaki huru.

Sumner wakanyamaza miaka mingi. Ni tarehe 2 mwezi wa 10 mwaka 2007 tu, mbele ya tribinali ile, weusi na wazungu pamoja waliomba jamaa ya Emmett musamaha. Nyumba ilikuwa imechakaa. Hawakuibomoa. Waliitengeneza, na kile chumba wakakirudisha kama kilivyokuwa mwaka 1955. Mwaka 2023 serikali ya Marekani iliiweka kati ya nyumba za ukumbusho za taifa.

Lakini si nyumba ya kutazama tu. Mpaka leo mutu akiitwa juu ya kesi yake, anapanda ku chumba kile kile, anasimama mbele ya muamuzi pale muzee Mose alinyosha kidole.