Pikipiki Zilizokwisha Tumika na Uaminifu Baina Yetu



Hapana neno lililozungumzwa sana katika baraza za ofisi zetu miezi hii kama neno la pikipiki. Karani aliyehamishiwa kata ya mbali, bwana shamba, mganga wa zahanati, mtendaji wa kijiji: kila mmoja ahitaji chombo, wala si kila mmoja awezaye kununua kipya. Kwa hiyo hununua kilichokwisha tumika, aghalabu kwa mkopo wa chama cha akiba, nao mkopo hukatwa katika mshahara mwezi kwa mwezi, chombo kikienda au kisipokwenda. Hilo la mwisho ndilo lililotufanya tushike kalamu.

Hatusemi kwamba ni upumbavu kununua pikipiki kuukuu. Zile za cc 100 hadi 150, kama zilivyo nyingi za Bajaj, TVS na Honda tuzionazo barabarani, zina injini ya silinda moja inayopozwa kwa upepo. Maungo yake si mengi, na vipuri vyake hupatikana hata katika masoko madogo. Ikitunzwa, humtumikia bwana wake miaka mingi. Lakini umri wa chombo hauhesabiwi kwa miaka peke yake. Tufanye hesabu kidogo. Pikipiki ya bodaboda ikienda kilomita 80 kwa siku, kwa siku 300 za mwaka, imekwenda kilomita 24,000. Pikipiki ya karani aendaye kazini na kurudi, kilomita 16 kwa siku, kwa siku 250, imekwenda kilomita 4,000. Basi mwaka mmoja wa ile ni sawa na miaka sita ya hii, na zote mbili zaweza kusimama chini ya mwembe mmoja zikiwa zimeoshwa na kupakwa rangi, zikang'aa sawasawa. Mita nayo si shahidi wa kutegemewa, maana waya wake hukatika, na pengine hukatwa. Yampasa mnunuzi aulize kwanza chombo kilikuwa kikifanya kazi gani, na katika mikono ya nani.

Tuliwaomba wenzetu kadha wenye pikipiki za namna hii watueleze yaliyowapata. Twayaleta kwenu bila majina, kama walivyotaka.

Wa kwanza alinunua kutoka kwa kijana wa bodaboda, akaonyeshwa nakala ya kadi ya usajili. Aliambiwa kwamba kadi yenyewe iko kwa mjomba na itafuatia. Kumbe chombo kilikuwa cha mkataba: kijana alikuwa akimlipa mwenyewe kila juma, naye alikuwa hajamaliza. Baada ya miezi miwili mwenye pikipiki akaja ofisini na kadi halisi mkononi, pamoja na askari. Mwenzetu akabaki na kofia ngumu na deni la mkopo.

Wa pili yeye ndiye aliyeuza. Alipokea fedha zake, wakapeana mikono, na jambo la kuhamisha umiliki wakaliacha kwa siku nyingine. Mwaka ukapita. Siku moja akaitwa polisi, kwa kuwa pikipiki yenye jina lake ilikuwa imemgonga mtembea kwa miguu, na aliyeiendesha amekimbia. Ilimchukua siku nyingi kuthibitisha kwamba hakuwa tena na chombo hicho, kwa maana hata karatasi ya mauzo hawakuandikiana. Twawakumbusha wote kwamba daftari la vyombo vya moto liko mikononi mwa Mamlaka ya Mapato Tanzania, na jina lililomo ndilo linalotafutwa. Ada ya barabara ya kila mwaka iliondolewa mwaka 2017, na wengine wamedhani tangu hapo kwamba karatasi za chombo hazina kazi tena. Sivyo. Kadi, bima na leseni ya udereva vyatakiwa vilevile, na mauziano yaandikwe mbele ya wakili kabla ya fedha kutoka mfukoni.

Wa tatu ni bwana shamba mmoja, naye ana habari njema. Alinunua pikipiki yenye miaka sita kwa mwalimu mstaafu. Mzee yule alimtolea daftari la shule lenye jalada la buluu, ambamo aliandika kwa wino kila siku aliyobadili oili, kila tairi alilonunua, na mara moja alipoanguka mtoni na kupinda usukani. Bwana shamba akasoma yote, hata la kuanguka, akalipa bei aliyotajiwa bila kupunguza. Ni mwaka wa nne sasa, na chombo hakijamlaza njiani.

Wote watatu walituagiza tuandike yafaayo kutazamwa, nasi twafanya hivyo kwa ufupi. Nenda asubuhi na mapema, uweke kiganja juu ya injini kabla haijawashwa. Ukiikuta ya moto, uliza kwa nini, maana injini iliyochoka huwa nzito kuwaka ikiwa baridi, na muuzaji mjanja huiwasha kabla ya mgeni kufika. Ikiisha kuwaka, tazama moshi. Moshi wa buluu maana yake injini inakula oili, na aghalabu ringi za pistoni au sili za valvu zimekwisha. Moshi mweusi ni wa petroli kupita kiasi, nao mara nyingi hutengenezwa kwa gharama ndogo. Tazama meno ya sproketi: yakiwa yamechongoka kama ya msumeno, cheni na sproketi zote mbili zinataka kubadilishwa pamoja. Inua gurudumu la mbele na kuuzungusha usukani polepole, usikie kama unakwama. Soma tarakimu nne za mwisho zilizopigwa ubavuni mwa tairi. Mbili za kwanza ni juma na mbili za mwisho ni mwaka. Tairi lenye 2319 lilitengenezwa juma la 23 la mwaka 2019, na muuzaji akisema alilinunua jipya mwezi uliopita, umekwisha kujua kipimo cha maneno yake mengine. Mwisho, linganisha namba ya chasisi, iliyopigwa kwenye shingo ya fremu chini ya usukani, na namba ya injini, na zile zilizomo kwenye kadi. Zikikwaruzwa au zisipolingana, shika njia yako urudi nyumbani.

Hayo yote ni mema, na mtu aweza kuyajifunza kwa siku moja. Lakini liko jambo lisilotazamwa kwa macho wala kuguswa kwa mkono, na hapo Mhariri aomba ruhusa ya wasomaji aliweke kando neno “sisi” ambalo huandikwa katika ukurasa huu, aseme kwa nafsi yake.

Mwaka 2019 nilinunua pikipiki mjini Korogwe kwa shilingi 1,400,000, fedha za mkopo wa miezi kumi na minane. Juma la sita ikaanza kutoa moshi wa buluu. Fundi akaifungua, akanionyesha silinda iliyolika, akaniambia kwamba aliyeniuzia alikuwa ametia oili nzito ili kuficha moshi na kunyamazisha kelele, na sasa oili ile imekwisha kazi yake. Kuchonga silinda na kuweka pistoni ya saizi kubwa zaidi, pamoja na ringi na ujira wake, ingekuwa shilingi 190,000. Sikuwa nazo. Fundi akacheka, akasema, “Basi fanya kama alivyofanya yeye.”

Nikafanya. Nikatia oili nzito, moshi ukapungua. Mwezi ule ndugu mmoja wa Chama hiki alikuwa amepata uhamisho kwenda Lushoto, naye alitafuta chombo. Alikuja kwangu jioni, peke yake. Nilimwuliza kama hakuja na fundi. Akanijibu, “Wewe ni mwenzetu, fundi wa nini?” Akaniuliza kama ina tatizo. Nikamjibu, “Ndugu yangu, hii yanipeleka kazini kila siku.” Maneno hayo yalikuwa kweli kila neno. Nimeyafikiri mara nyingi tangu siku ile, wala sijapata kusema uongo mkubwa kuliko huo. Akanilipa shilingi 1,250,000.

Wenye kuijua barabara itokayo Mombo kupanda milima ya Usambara wataelewa yaliyofuata. Kwenye uwanda wa Korogwe injini ile ilivumilia. Lakini mlimani, kona juu ya kona, kwa gia ndogo na mzigo nyuma, injini ipozwayo kwa upepo hupata upepo kidogo na joto jingi. Kabla ya kufika Soni ikanoki, kama wasemavyo mafundi, ikasimama kabisa. Alikuwa na sanduku lake na mafaili ya ofisi yamefungwa kwa mpira. Mvua ilikuwa ikinyesha. Alisukuma mpaka usiku.

Nilipata habari hizo kwa watu wengine, nikanyamaza. Yeye naye hakuniandikia. Tulipokutana kwenye mkutano wa mwaka 2021 alinishika mkono kwa furaha, akaniuliza hali ya mke wangu na watoto, kisha akasema kwa aibu, “Ile pikipiki yako niliiua mwenyewe. Nilipakia mno.” Miaka miwili alikuwa akijilaumu yeye! Sikuweza kula chakula cha mkutano ule. Nilimwita nje, nikamwambia yote, la oili na la fundi. Nikamlipa zile shilingi 190,000 kwa miezi mitatu. Alizipokea, nasi tu marafiki hata leo, lakini alisema neno moja ambalo sikulisahau: “Ndugu, si fedha. Nilikuja bila fundi kwa sababu ulikuwa ni wewe.”

Twarudi sasa kwenye “sisi”. Wahenga walisema mficha maradhi kilio kitamfichua. Katika ununuzi wa pikipiki hizi kuna kimya cha namna mbili. Muuzaji hunyamaza kwa sababu ya fedha. Mnunuzi aliyepunjwa naye hunyamaza kwa sababu ya aibu, asionekane mjinga mbele ya wenziwe. Vimya hivyo viwili vyasaidiana, na kwa sababu yake chombo kibovu hupita mikononi mwa watu wanne wa Chama kimoja, kila mmoja akimpitishia mwenziwe hasara aliyoipata, mpaka kimfikie yule asiyeweza kuibeba, ambaye aghalabu ni kijana aliyeajiriwa juzi. Yule mwizi wa kwanza hatumjui wala hatuwezi kumpata. Waliobaki ni sisi kwa sisi.

Wengine watasema kwamba biashara ni biashara, na mnunuzi ana macho. Twajibu kwamba neno hilo lafaa sokoni, mahali ambapo kila mtu huja na fundi wake. Lakini tulipoandikisha majina yetu katika Chama, tukatoa ada, tukazikana na kuuguzana, tuliwafanya wenzetu waache kuja na fundi. Mtu aliyekwisha kuwekewa tumaini la namna hiyo hawezi kuuza kama mgeni. Kuliuza tumaini la mwenzio pamoja na pikipiki ni kuuza kisichokuwa chako.

Kwa hiyo twaleta shauri mbele ya Kamati, ili lijadiliwe katika mkutano ujao. Liwekwe daftari moja katika ofisi ya Katibu. Mwanachama atakaye kumwuzia mwanachama mwenziwe pikipiki aandike humo namba za chombo, alikipata wapi, kilifanya kazi gani, kimetengenezwa nini, na kasoro zote azijuazo. Mnunuzi asome, na wote wawili watie sahihi kabla ya fedha kutolewa. Ikidhihirika baadaye kwamba muuzaji alijua kasoro akaificha, Kamati imwamuru kulipa gharama ya matengenezo. Kadhalika yeyote aliyenunua, ikiwa vizuri au vibaya, aandike yaliyompata ili wengine wajifunze. Gharama ya shauri hili ni bei ya daftari na kalamu.

Huenda bei za pikipiki zetu zikashuka kidogo kwa kuandika kasoro zake. Na zishuke. Bwana shamba yule hakumpunguzia mwalimu hata senti, ijapokuwa alisoma habari za kuanguka mtoni. Kizuri chajiuza, na chombo ambacho kasoro zake zajulikana huingia katika hicho kizuri.

Mhariri ana pikipiki nyingine sasa, naye haiuzi. Hata hivyo amekwisha kuandika habari zake zote katika karatasi mbili na kuzikabidhi kwa Katibu, pamoja na habari za ile ya kwanza. Twawangoja ninyi.